Bi Tatu Kavaa Koti la Mzee Pius

Leo nimeaibika. Na sikuaibikia sokoni wala stendi, ambako mtu unaweza kujichanganya na watu ukapotea. Nimeaibikia msibani, nimeshika maiki, jeneza likiwa hatua tatu kutoka nilipo.

Naandika nikiwa nyuma ya jiko la nyumbani kwetu Kilosa, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Miguu peku. (Habari ya miguu mtaikuta mwisho.) Tangu juzi mmenitumia pole nyingi, nimezipokea zote, asanteni sana. Sasa naomba msome hii taratibu, halafu mfanye kama hamjasoma.

Mnanijua. MC Deo wa Mikumi. Harusi, kipaimara, mahafali, kuaga wastaafu, misiba. Ukishuka Mikumi ukauliza ni nani anayejua kuongea mbele ya watu, utaletwa mpaka mlangoni kwenye steshenari yangu. Tena mwezi uliopita niliwaandikia humu humu darasa zima la kutoa hotuba. Kabla hujaanza, nyamaza kwanza, watu wakutafute. Chagua uso mmoja, ongea nao. Usisome karatasi kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Neno zito liweke mwisho. Mkanipigia makofi ya kwenye simu mpaka nikajiona profesa. (Nikimaliza hapa naenda kulifuta lile darasa.)

Aliyefariki ni Mzee Pius, mume wa mama yangu. Baba aliyenizaa simkumbuki hata sura. Mama aliolewa na Mzee Pius nikiwa na miaka minane. Siku tunahamia kwake, Mama alinisukuma mbele kidogo akaniambia, "Msalimie baba." Mimi nikakaza shingo nikasema, "Shikamoo, Mzee." Yeye akakohoa mara mbili, ehem, ehem, akajibu, "Marahaba. Sawasawa."

Ikawa ndiyo imepita hiyo. Miaka thelathini na moja mimi namwita Mzee, na yeye anasema sawasawa.

Wala hakunikosea chochote, hilo nataka lieleweke. Alikuwa mtu wa reli, wale wanaotengeneza njia, kazi ya nyundo na mataruma kutwa nzima juani. Alikuwa na koti lake zito la kazini, rangi ya machungwa, lenye mistari inayong'aa ukilimulika. Alistaafu, koti halikustaafu. Alilivaa sokoni, kanisani, hata Desemba watu wanapotoka jasho wamekaa. Mwaka ule mto Mkondoa ulipofurika maji yakaingia ndani, alinibeba begani, na sare zangu za shule akazifunga kwenye furushi akaziweka kichwani. Yeye alilowa mpaka kifuani. Mimi siku ya pili nilikwenda shule na shati kavu.

Kuna jambo jingine, na hili sijawahi kumwambia mtu. Mahafali yangu ya kidato cha nne alikuja na lile koti. Wazazi wa wenzangu walikuwa na suti na vitenge vipya. Rafiki yangu mmoja akaniuliza, "Yule mwenye koti ni nani?" Nikamjibu, "Ah, ni mzee wa nyumbani kwetu." Nilipogeuka, Mzee Pius alikuwa nyuma yangu na soda mbili mkononi. Akakohoa. Akanipa moja. Nilijiambia hakusikia. Nimeendelea kujiambia hivyo mpaka leo saa nane mchana.

Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu leo nimejifunza gharama ya kutolisema. Neno "baba" lilinikwama, mwanzo kwa ukaidi wa kitoto, baadaye kwa aibu, halafu ikawa mazoea. Ukishamwita mtu Mzee miaka ishirini, utaanzia wapi kubadilisha? Chai ya asubuhi, eti, "Baba, nisogezee sukari"? Mtu angepaliwa.

Basi. Juzi nikiwa Mikumi nikapata simu ya dada yangu Veronika, mtoto wa Mama na Mzee Pius. Analia. Nikafunga steshenari. Lakini kabla sijaifunga nikachapisha wasifu wa marehemu, kwa sababu nilijua nitaambiwa mimi ndiye nisome.

Ilinichukua dakika saba.

Naomba msinihukumu bado. Mimi nina hotuba moja ya msiba. Ni nzuri, imewaliza watu Ulaya (ile ya huku kwetu Kilosa, si ng'ambo), Zombo na Masanze, imemliza hata katekista mmoja mgumu sana. Ukinipa marehemu mpya, nabadilisha jina, mwaka wa kuzaliwa na idadi ya wajukuu. Hata daktari hatengenezi dawa mpya kwa kila mgonjwa, au vipi? (Ndivyo nilivyokuwa nikijitetea. Sasa hivi hata mwenyewe najiona mpuuzi.)

Leo asubuhi Mama akaniita ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na kinamama, khanga imemfunika kichwa, sauti imekauka.

"Deo mwanangu."

"Naam, Mama."

"Leo wewe ndiye unayeongea."

"Ndiyo, Mama."

"Umwite baba. Mara moja tu, watu wasikie. Nimengoja sana hilo neno. Na yeye alilingoja, ila hakuwa mtu wa kusema."

Nikamshika Mama mkono nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi. Limo. Nimeliweka mwisho."

(Mmeona? Mama yangu ananiomba kitu kimoja maishani, na mimi natoa darasa.)

Na kweli lilikuwemo. Sentensi ya mwisho ya hotuba yangu inasema: "Pumzika, baba, kazi yako umeimaliza." Iko pale siku zote. Kila mzee anaipata.

Sasa nimlete Bi Tatu.

Mzee Pius alikuwa Mnyamwezi. Babu yake aliletwa huku na kazi ya reli, akaoa, akabaki. Bi Tatu ni Msagara wa Masanze, mama wa makamo anayelima ufuta na mahindi, mwembamba, ana sauti ya kupasua bati. Wasagara na Wanyamwezi ni watani, na mnajua mtani msibani ni mtu gani. Ana ruhusa ya kila kitu. Atamwiga marehemu, ataiba mwiko wa mpishi, atalala njiani jeneza lisipite. Na wewe mfiwa huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeharibu.

Bi Tatu hakosi msiba. Hapa, Zombo, kwao Masanze, mpaka Dumila akisikia kuna mtani kafa anafunga kibwebwe anapanda bodaboda. Kwa hiyo misiba yangu yote ya upande huu alikuwepo. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Mimi nikiongea naangalia ule uso mmoja tu, ndivyo nilivyojifunza.

Saa saba hivi, jeneza likiwa limeshatolewa ndani na kuwekwa chini ya turubai, mlango wa chumba cha Mama ukafunguka. Akatoka Mzee Pius.

Nasema kweli, nilirudi nyuma hatua mbili. Koti la machungwa, kofia yake iliyochakaa, mguu wa kushoto unaburuzwa vilevile, mikono nyuma. Akasimama, akakohoa, ehem, ehem. Turubai zima likapiga kelele, nusu kicheko nusu kilio. Veronika alicheka huku machozi yanamtoka, akaja akalishika lile koti akalinusa.

Bi Tatu akaanza kuzunguka kukagua msiba wake. Akaonja mchuzi jikoni, akasema chumvi imeogopa kuingia. Akamsogelea fundi aliyetengeneza jeneza, akagonga ubao, akamuuliza kama hii ni mninga au ni boksi la sabuni. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, babu!" Akawaitikia, "Marahaba. Sawasawa." Ilikuwa sauti yake hasa. Nilishindwa kumwangalia, nikajifanya natengeneza waya wa spika.

Saa nane nikaitwa. Msemaji wa familia, mtoto mkubwa wa marehemu.

Nikasimama. Suti nyeusi, viatu nimevipiga rangi mpaka mtu angejiona sura. Karatasi mkononi. Nikanyamaza kwanza, kama nilivyowafundisha, watu wanitafute. Sekunde moja, mbili, tatu.

"Ehem, ehem," akakohoa Bi Tatu.

Kicheko. Haya. Nikatabasamu kidogo, nikatafuta uso mmoja wa kuongea nao. Kila nikizungusha macho, naona machungwa. Alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, kando ya jeneza, miguu ameinyoosha.

"Ndugu waombolezaji," nikaanza, "leo jua ..."

"... limezama mchana," akamalizia Bi Tatu kwa sauti ya Mzee.

Nikafikiri amebahatisha.

"Tumempoteza nani?" nikauliza, kisha nikakaa kimya, maana hapo huwa nakaa kimya.

"Hatukumpoteza mtu mmoja," akasema yeye, mkono umewekwa kifuani kama ninavyouweka mimi, "tumepoteza nyumba nzima!"

Watu wa Masanze waliokaa upande wa kulia walianza kushikana mabega. Wameikumbuka. Mtu mwenye akili angekunja karatasi pale pale, akasema asanteni, akakaa. Mimi nikaongeza mwendo. Nikasoma haraka haraka bila hata kutazama kinachofuata.

"Marehemu alikuwa mkulima hodari wa mpunga ..."

Loo.

Niliisikia ikitoka. Hiyo ilikuwa ya yule mzee wa Zombo. Nilibadilisha jina, mwaka, wajukuu. Mpunga sikuutoa.

Bi Tatu akasimama polepole, akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mpunga? Mimi? Nililima wapi, kwenye mataruma?"

Turubai lilitaka kung'oka. Nilimwona katekista amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Nikaona nikimbilie sentensi inayofuata.

"Hakuwahi kugombana na mtu ..."

"Mwiteni mwenye mbuzi!"

"Nipo!" akaitikia jirani yetu kutoka nyuma. Mbuzi wake waliingia kwenye mchicha wa Mzee Pius miaka nenda rudi, na wawili hao walikuwa hawapeani hata salamu. "Nipo, na nimekuja kukuzika, bwana wee! Mchicha sasa ni wangu!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakatoka nje. Na niwaambie ukweli, hapo bado haikuwa aibu. Hapo ilikuwa msiba mzuri. Kama ningecheka nao mambo yangeishia pale.

Lakini Bi Tatu hakurudi kukaa. Alinisogelea, akaichukua ile karatasi mkononi mwangu bila kuitazama, akaikunja.

"Hii uliisoma Zombo, nilikuwepo," akasema. "Uliisoma Masanze kwa mjomba wangu, nilikuwepo. Hata mwisho wake naujua." Akaweka mkono kifuani, akatazama mbali, akaiga sauti yangu, si ya Mzee. "'Pumzika, baba, kazi yako umeimaliza.'"

Likaondoka neno langu. Lile la mwisho. Lile alilolingoja Mama. Nililiona likienda hivi hivi, limesemwa kwa mzaha na mtu mwingine, na mimi nimebaki na maiki tupu.

Bi Tatu akarudi kwenye sauti ya Mzee. Taratibu, ile sauti ya mtu asiye na haraka. "Mzee wa Zombo humjui, ulimwita baba. Mjomba wangu wa Masanze jina lake ulilichungulia kwenye karatasi, ulimwita baba. Mimi niliyekubeba begani kwenye maji, unaniitaje?"

Nikacheka kile kicheko cha MC mwenye mtihani. "Haya jamani, tuendelee na ratiba ..."

"Unaniitaje?"

Ningeweza kulisema pale pale, na ningekuwa salama. Badala yake nilipandwa na hasira, zile hasira za mtu aliyeguswa kwenye kidonda, nikainua maiki karibu na mdomo.

"Bi Tatu, tafadhali! Mimi si mtani wako!"

Spika nilizileta mwenyewe kutoka Mikumi. Ni spika nzuri sana. Nadhani na stesheni walisikia.

Mtanielewa mkipiga hesabu kidogo. Pius ni mtani wa Bi Tatu. Mtoto wa Pius ni mtani wa Bi Tatu. Na mimi nimesimama kando ya jeneza la Pius, nikatangaza kwa spika mbili kubwa kwamba si mtani wake. Hakuna mtu pale aliyehitaji kuelezwa. Mpishi aliacha kukoroga.

Mama aliinua kichwa. Alikuwa ameinama tangu asubuhi, akainua kichwa akanitazama. Veronika akasema kwa sauti ndogo, "Kaka!"

Bi Tatu akavua kofia. Uso wake ulibadilika kabisa, ukawa wa mama mtu mzima aliyekosea nyumba. Akaongea kwa sauti yake mwenyewe, tena kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyonimaliza.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nataniana na mtoto wa Pius."

Akanyoosha mkono. "Basi nipe hiyo maiki. Msemaji wa familia awe mtu wa familia."

Na mimi nikampa! Mikono ilinisaliti. Nimeshika maiki miaka kumi na mbili, sijawahi kumpa mtu kabla sijamaliza. Akaishika, akavaa tena kofia, akageuka kulitazama jeneza. Nikajua atanisema, nikasubiri. Alikohoa mara mbili.

"Sawasawa," akasema.

Hilo tu. Akaizima.

Pale ndipo nilipojua kwamba siku ya mahafali alisikia. Sina ushahidi, ila nilijua. Sawasawa zote za miaka yote zilinirudia kwa mara moja. Nilikuwa nikidhani maana yake ni sawa, hamna neno. Kumbe ilikuwa ya mtu anayemeza kitu na kukupa soda.

Katekista alikuwa anatazama upande wa milima, mvua inakuja. Akatoa ishara, vijana sita wakabeba jeneza. Bi Tatu akatangulia, akaenda mpaka kwenye njia ya kutokea uani, akakaa chini. Katikati kabisa. Koti la machungwa limetandaa vumbini.

"Bi Tatu, tunaomba njia," katekista akasema.

"Sitoki. Nataka kumjua anayenizika."

Nikafanya inavyofanywa, nikatia mkono mfukoni nimpe chochote.

"Rudisha!"

Jeneza liko mabegani mwa watu. Matone ya kwanza yanagonga turubai. Nilitazama huku na huku kumtafuta mtu wa kunisaidia kuongea, na kila mtu alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kuongea.

Nikapiga magoti. Suti nyeusi, vumbi jekundu.

"Nani wewe?" akauliza kwa sauti ya Mzee.

"Deo."

"Deo wako wengi. Wewe ni wa nani?"

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kigugumizi! Mimi! Midomo inatikisika kama ya mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe. Nyuma yangu nikamsikia Mama, "Sema, mwanangu. Sema tu."

Sikunyamaza kwanza ili watu wanitafute. Sikuchagua uso. Nilimwona mtu wa koti la machungwa amekaa mbele yangu, na mimi nina miaka minane, na mlango ndio kwanza umefunguliwa.

"Shikamoo, Baba," nikasema.

Sauti ilipasuka katikati. Haikuwa ya MC yeyote.

Bi Tatu alinitazama, macho yake yamejaa chini ya ile kofia. Akajikaza. Ehem, ehem.

"Marahaba," akasema. "Sawasawa."

Akainuka, akajikung'uta vumbi, akapisha njia. Nililia kwa sauti, jamani, mikono kichwani, kamasi, kila kitu. Kuna kijana alikuwa anarekodi. Kama ile video imeshafika kwenye kundi letu, naomba aliyeituma aifute, na kama haijafika, asiitume mtu.

Nilishika jeneza upande wa mbele mpaka makaburini. Mvua ilitunyea yote. Tulipokuwa tunarudi Mama akanishika mkono njia nzima, na karibu na nyumbani akasema, "Nimesikia."

Chakula kikaletwa. Nimekaa na sahani yangu, Bi Tatu akaja na koti lake linalotiririka maji, akaninyang'anya nyama zote akaniachia wali mtupu. Kisha akainama, akanivua viatu. Vile vya kung'aa. Akavifunga kamba, akavining'iniza shingoni.

"Umekasirika?" akaniuliza.

"Sijakasirika."

"Kwa nini?"

"Mimi ni mtani wako."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka minane."

Halafu akapanda bodaboda akaenda zake Masanze, na koti, na kofia, na viatu vyangu.

Ndiyo maana niko peku. Kesho nina mahafali Mikumi, viatu vingine sina, hapa wala Mikumi, na Veronika amenikatalia ndala zake. Njia ya kuvirudisha ninayo, tena rahisi sana: nimpigie simu Bi Tatu nirudie ile sentensi niliyoisema leo kwenye maiki, kwamba mimi si mtani wake, atavileta akiwa ameinamisha kichwa na kuniomba radhi.

Nitaongea kwenye mahafali peku.